Nyuma ya Michongoma

12 Novemba

Nimepata kazi, na safari hii si harusi wala kipaimara. Mfuko wa Kumbukumbu za Askari, wenye makao yake Ulaya na mwakilishi wake Dar es Salaam, unataka kila jiwe la makaburi ya wanajeshi ya hapa Tabora lipigwe picha kabla maandishi hayajafutika. Mwakilishi anaitwa Modest. Alikuja studio kwangu Isevya mchana, akatazama picha za maharusi ukutani, akaniuliza kama naweza kazi ya utulivu. Nikamwambia angalau hawa hawatafumba macho. Akacheka. Nimempenda. Ana adabu, na anasikiliza mtu mpaka amalize.

Mama ameuliza ni makaburi ya nani. Nimemwambia ya wanajeshi wa vita vya kwanza. Akasema, "Wanajeshi wepi?" Nikaendelea kusafisha lenzi.

14 Novemba

Mawe ni hamsini na nane, mistari minne. Maofisa, masajini, daktari mmoja, na kijana wa miaka kumi na tisa aliyekufa kwa homa mwezi mmoja baada ya kufika. Nimesimama kwake muda mrefu.

Nimegundua namna ya kuyasoma maandishi yaliyolika. Nachukua kioo kikubwa cha studio, nakiegemeza kwenye kigoda, nalielekeza jua lipite ubavuni mwa jiwe. Herufi zinajaa kivuli na jina linajitokeza. Hata majina yaliyofunikwa na kuvu yanasomeka.

Nyuma kuna ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua ni ardhi tupu mpaka barabarani. Mwanamke mmoja alikuwa anachimba huko kwa jembe, kanga kiunoni, bila kuinua kichwa. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kama mtu anayefukuza nzi.

19 Novemba

Mvua bado. Mawe kumi na manne yamekamilika. Vumbi kwenye kamera.

24 Novemba

Nimegombana na yule mwanamke. Anaitwa Dafrosa.

Modest alipiga simu asubuhi, akasema pamoja na mawe anahitaji picha nne za eneo la nyuma, kuonyesha mpaka tu. Nikaruka ua. Dafrosa alikuwa amemaliza kulima, udongo mtupu mwekundu, magugu yamerundikwa pembeni. Aliponiona na kamera akaja mbio akaniambia nisikanyage. Nikadhani anaogopea mbegu. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hata hajapanda bado. Akasema nisikanyage hata hivyo, na kama nataka picha nikapige mawe yangu. "Mawe yako" aliyatamka kama tusi.

Nikapiga picha zangu nne kutoka pembezoni, nikaondoka nimekasirika. Watu wanalima mpaka kwenye makaburi, ukiwaambia neno wanakuwa wakali. Kulikuwa na fomu ya kuambatanisha, nikaisaini na kuituma: picha hizi zimepigwa na mimi, Asmahani Shaban, tarehe hii, mahali hapa.

30 Novemba

Mvua. Hatimaye. Imepiga mabati usiku kucha hadi mama akasema sasa basi.

9 Desemba

Mahindi ya Dafrosa yameota. Nilimwangalia kupitia michongoma wakati nasubiri wingu lipite. Hajui kupanda. Mistari yake imekatikakatika, hatua mbili tatu kuna mahindi, halafu pengo, halafu mahindi tena. Kwenye mapengo amepanda maboga. Mtu mzima, na mvua nzuri kama hii.

Leo hakuniitikia kabisa.

21 Desemba

Jiwe la hamsini na nane. Nimemaliza. Modest ameandika kwamba kazi yangu ni ya viwango, na kwamba wakubwa wake Ulaya wamefurahi sana. Nilimsomea mama ujumbe mara mbili.

8 Januari

Naandika kwa hasira, kwa hiyo yule atakayekuja kusoma mwandiko huu anisamehe.

Leo alikuja studio dada mmoja anaitwa Suzana, anafanya kazi masijala kwenye ofisi inayoshughulikia viwanja. Alitaka picha za pasipoti. Wakati nazikata akasoma jina langu kwenye mhuri, akasema, "Kumbe Asmahani ndiye wewe. Picha zako ziko kwetu kwenye faili." Nikamuuliza picha gani. Akasema za kile kiwanja cha nyuma ya makaburi, kinachoombwa kujengwa kituo cha mafuta.

Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Nikamuuliza zinaonekanaje. Akanieleza: udongo mwekundu, magugu pembeni, nyumba ya ghorofa kwa mbali. Nne.

Akaniambia faili ni la wazi kwa mwananchi yeyote kwa sababu tangazo la pingamizi limeshabandikwa, niende nikaombe. Nilifunga studio saa nane mchana, jambo ambalo sijafanya tangu msiba wa baba.

Nimeziona. Chini ya kila moja kumechapwa maneno haya: Eneo la wazi, hakuna makaburi. Chini yake: Mpiga picha, Asmahani Shaban. Na sahihi yangu, ile ninayoiweka mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho kwa madaha. Barua iliyoambatana nazo ni ya Mfuko, imesainiwa na Modest. Inasema makaburi yote yaliyo chini ya uangalizi wao yamepigwa picha na yapo ndani ya ua, na kwamba hawana pingamizi kwa matumizi ya ardhi ya nyuma. Mwekezaji, barua inasema, ameahidi kuwajengea ukuta wa matofali upande wa mbele.

Mimi sikuandika "hakuna makaburi". Niliambiwa nionyeshe mpaka. Sijui kama nyuma ya michongoma kuna kaburi au hakuna, na hicho ndicho kinachonichoma: sijui, na jina langu limesema najua.

9 Januari

Modest yupo mjini kwa siku mbili. Nilimfuata hotelini, akaniagizia chai ambayo sikuinywa.

Nilimuuliza nani aliandika yale maneno. Akasema ni maelezo ya kawaida, kila picha inahitaji maelezo. Nikamuuliza alijuaje kwamba hakuna makaburi. Akasema rejista ya Mfuko ina majina hamsini na nane, na mawe ni hamsini na nane, hesabu imetimia. Nikamwambia kwamba jeshi lile halikutembea kutoka ziwani hadi hapa likiwa na Wazungu hamsini na nane peke yao. Mizinga ilibebwa na nani? Unga ulibebwa na nani? Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayekubaliana na wewe. Akasema ni kweli, historia haikuwatendea haki wapagazi, lakini Mfuko unafanya kazi kwa maandishi.

"Dada Asmahani," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia kuna kaburi kule nyuma. Ukiwa na ushahidi, lete."

Alisema kwa upole. Zamani nilidhani upole ule ni tabia njema.

13 Januari

Nilimweleza mama yote. Alinisikiliza huku anachambua mchele, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia miaka yangu yote thelathini na sita. Babu wa baba yake alichukuliwa vita ile akiwa na mke mjamzito. Alibebeshwa sanduku la risasi. Walimwona akipita na msafara kwenye njia ya zamani, akaenda na hakurudi, na haikuja barua wala mtu wa kuleta habari. Nyumbani walikaa miaka mitatu bila kujua kama waweke matanga, na mwisho hawakuyaweka kabisa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nilipopata kazi. "Nilikuuliza wanajeshi wepi," akasema. "Ukaendelea kusafisha kamera."

15 Januari

Mvua siku nzima. Sikutoka.

17 Januari

Leo nimekwenda kwa Dafrosa. Sikwenda na kamera.

Nilimkuta anapalilia. Mahindi yamemfika kifuani. Nilimwamkia, nikabaki nje ya shamba, nikamwambia kwamba nimekuja kuomba radhi na kwamba picha zangu zimetumika vibaya. Nilidhani atanitukana. Aliegemea mpini wa jembe, akaniuliza kama najua kusoma vizuri. Nikasema najua. Akaniomba nimwambie tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme linasema nini, kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia ni mambo ya mafuta.

Nilipomaliza kumweleza alikaa chini kwenye tuta. Halafu akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu bila kunitazama.

Mumewe, marehemu Mhoja, alikuwa mtunza makaburi haya miaka ishirini na sita. Aliyemkabidhi kazi, mzee aliyekuwa mtoto wakati wa vita, alimtembeza upande wa nyuma akamwonyesha kila mahali alipoona mtu akizikwa. Walikuwa wapagazi na askari weusi. Walizikwa kwa mstari kama wale wa mbele, lakini alama zao zilikuwa vijiti, na vijiti vililiwa na mchwa kabla ya mvua ya pili. Mhoja alikuwa anafyeka pande zote mbili. Baadaye akaambiwa na waajiri wake afyeke penye mawe tu. Akaendelea kufyeka kule nyuma siku za Jumapili, baada ya kanisa, na mkewe akawa anamfuata na reki. Ndivyo alivyojifunza mistari.

Mhoja alipofariki, majani yaliota mpaka kiunoni. Watu wakaanza kuchimba udongo wa matofali. Dafrosa akaja na jembe, akaanza kulima.

"Wakiona pori wanasema kiwanja," akaniambia. "Wakiona shamba la mjane wanaona haya kidogo. Nilitaka ile haya kidogo."

Nikamuuliza kuhusu mapengo kwenye mistari yake, ingawa tayari nilikuwa nimeelewa. Akainuka, akanishika mkono, akanitembeza. Kila pengo ni mtu. Mahindi yanahitaji shimo na palizi, kwa hiyo anayapanda katikati ya makaburi. Juu ya makaburi anaelekeza maboga yatambae, maana boga hulichimbii. Kila tulipofika alinivuta nikanyage pembeni. Tulihesabu sitini na tatu.

Hapo nikamuuliza kama amewahi kumwambia mtu wa Mfuko. Akasema alimwambia Modest mwenyewe mwezi wa saba, pale getini. Modest alimsikiliza vizuri, akamnunulia soda, akamwambia alete maandishi.

Mwezi wa saba. Miezi minne kabla hajaja studio kwangu kutazama picha za maharusi. Alijua. Alijua, akanituma mimi niende nikapige udongo mtupu, wakati muafaka kabisa, baada ya kulima na kabla ya kuota.

18 Januari

Nimempigia simu Modest mara saba. Hapokei.

19 Januari

Amepokea. Amesema hakumbuki soda yoyote.

26 Januari

Chini hapaonekani kitu, ni majani tu. Kwa hiyo nilimwendea Bwana Awadhi, mwenye ile ghorofa ng'ambo ya barabara, nikamwomba anipandishe juu. Alisita, akasema huyo mwekezaji ni mtu wake wa karibu na hataki maneno. Nikamwambia nitapiga picha za mji, na sikudanganya, makaburi yapo mjini. Akanitazama sana, akanipa ufunguo.

Juu kuna matanki ya maji na nondo zilizoachwa. Nililala kifudifudi ukingoni. Mvua ilikuwa imekatika saa hiyo hiyo na jua likawa linapiga kwa pembeni. Na ile kazi niliyokuwa naifanya na kioo kwenye jiwe, jua likaifanya lenyewe kwenye shamba zima. Mahindi marefu yalitupa kivuli, maboga yakabaki chini yaking'aa, na mapengo yakasimama wazi: mistari saba, tisa tisa, yote yameelekea upande mmoja. Kupangwa kule hakuwezi kuwa kwa bahati. Jeshi lilizika hapa.

Nilipiga mpaka macho yakajaa machozi na sikuweza kulenga. Miaka yote watu wamepita barabara ile, mimi nikiwemo, tukasema mwanamke yule hajui kupanda.

2 Februari

Nimepeleka pingamizi. Kurasa nne, picha kumi na mbili, maelezo ya Dafrosa yenye dole gumba lake, na kiapo changu kwamba maneno yaliyo chini ya picha za mwanzo si yangu. Suzana amepokea, amegonga mhuri, ameniambia kazi yoyote haitakiwi kuanza hadi pingamizi lisikilizwe. Nakala nimetuma Ulaya, kwa anwani niliyoiokota kwenye barua za Mfuko.

6 Februari

Kimya.

11 Februari

Kimya. Mvua.

15 Februari

Mteja mmoja ameniambia nimekuwa mkali, ananitaka nicheke kidogo wakati napiga bibi harusi.

22 Februari

Saa tatu asubuhi mama alisikia kwa jirani kwamba kuna greda nyuma ya makaburi. Nilikimbia na kamera bila viatu vya maana.

Mwekezaji hakusubiri. Greda ilikuwa imeshaingia kutokea barabarani na kulaza mahindi hatua kama thelathini, udongo umelowa unanata kwenye magurudumu. Dafrosa alikuwa amesimama mbele ya sahani ya chuma, mikono mitupu, anapiga kelele kwa Kisukuma. Msimamizi mwenye koti la mvua alikuwa anamvuta pembeni. Nilipiga picha. Msimamizi akaniambia nizime. Nikaendelea. Akaja kuniziba lenzi kwa kiganja, nikamwambia kwamba pingamizi lina mhuri na nakala ninayo, nikaitoa kwenye mfuko. Hakuisoma. Akampigia mtu simu, akamwashiria dereva aendelee kwa upande mwingine.

Greda ikarudi nyuma, ikazunguka, ikashusha sahani, ikaenda kama hatua kumi. Halafu ikasimama.

Dereva anaitwa Issa, mtu wa Igunga, nimemjua leo. Alishuka polepole, akachutama mbele ya mashine yake, akatazama. Sisi sote tukaenda. Kulikuwa na mifupa miwili mirefu ya mguu imekatwa, myeupe palipokatwa na kahawia kwingine kote, na kikombe cha bati kilichobonyea. Hatua mbili mbele, udongo wa pengo la pili ulikuwa umefumuliwa, na fuvu limelala ubavu, dogo kuliko nilivyodhani fuvu la mtu linavyokuwa.

Dafrosa akavua kitenge chake cha juu, akakifunika kile kichwa, akapiga magoti kwenye tope.

Msimamizi ndiye aliyesema kwanza. Alisema pengine ni mnyama. Akamwambia Issa apande.

Issa akapanda, akazima injini, akachomoa ufunguo, akashuka, akautia mfukoni. "Mimi ni dereva wa barabara," akasema. "Sikuja kulima watu."

Msimamizi akamwambia kazi amepoteza. Issa akaenda kukaa kwenye tairi, akawasha sigara. Akakaa hapo mpaka polisi walipofika na utepe wao, na hata walipomhoji alijibu akiwa amekaa.

Nilipiga picha mia mbili na kumi. Nikiwa napiga ile ya kitenge nilitaka kitu kimoja tu: Modest awe hapa, asimame pale, anieleze habari za rejista.

25 Februari

Tumewarudisha wale wawili ardhini. Hatujui walikuwa wa dini gani, kwa hiyo sheikh alisoma dua na katekista akasali, mmoja baada ya mwingine, mvua ikiwanyeshea wote. Kikombe kilibaki polisi kama kielelezo. Mama alikuja. Alitupa udongo mara tatu, akaenda kusimama peke yake kwenye michongoma mpaka tukamfuata.

3 Machi

Ombi la kituo cha mafuta limeondolewa. Suzana alinipigia simu mwenyewe. Nilitegemea kufurahi. Nilikaa kwenye kigoda cha studio nikagundua kwamba bado nimekunja ngumi.

14 Machi

Ulaya wamejibu, na afadhali wangekaa kimya. Wanasema wamepokea kwa heshima kubwa habari za ugunduzi huu. Ugunduzi! Eneo la nyuma litaingizwa rasmi kwenye makaburi, litazungushiwa uzio, na wageni watakuja mwishoni mwa Aprili kuliona. Wanamshukuru mwakilishi wao kwa juhudi zake. Wanamtaja jina. Mimi ni "mpiga picha wa eneo hilo". Dafrosa hayumo.

Yeye amepata barua yake, ya mistari mitatu. Kilimo kimepigwa marufuku ndani ya eneo. Shamba lisafishwe ndani ya siku tatu kwa maandalizi ya ugeni. Modest aliileta mkononi, akamwamkia shikamoo. Mahindi yaliyonusurika greda ndiyo kwanza yanakaza punje.

16 Machi

Tumevuna mabichi. Mimi, mama, Suzana baada ya kazi, na Issa aliyekuja na mkokoteni aliouazima bila kuombwa na mtu. Mahindi ambayo yangemlisha Dafrosa mpaka Desemba yataliwa au kuoza mwezi huu.

Tulipofunga gunia la mwisho nilimwambia pole. Nilitaka pia kumwambia kwamba angalau watu wake wamepona. Nadhani aliliona neno linakuja, maana alinikata.

"Kabla hujaja na kamera," akasema, "nilikuwa na makaburi na nilikuwa na mahindi. Sasa niambie nina nini."

Nilipandisha gunia kwenye mkokoteni. Swali lake nimelirudia njia nzima mpaka nyumbani. Hasira yangu yote nilikuwa nimeielekeza kwa Modest, na huko ilikaa kwa raha. Leo nusu yake imenigeukia mimi.

30 Machi

Vibarua wa Mfuko wamesafisha eneo. Wameng'oa mabua, wamevuta maboga, wameparaza kwa majembe na kusawazisha na reki. Mvua imepiga siku tatu juu yake. Nimechungulia kupitia michongoma: ardhi imelala kama jamvi. Hakuna pengo hata moja linaloonekana.

3 Aprili

Modest amekuja studio. Viatu vina tope, hakuvipangusa mlangoni. Anataka picha za ghorofani kwa ukubwa wake wote, kwa sababu anatakiwa aweke vigingi sitini na tatu kabla wageni hawajafika na vibarua wake hawajui pa kuanzia. Amesema jina langu litakuwa kwenye bango.

Nilimwonyesha picha kwenye kompyuta. Aliinama, akatafuta mahali pa kupimia. Akaona mwenyewe. Picha inaonyesha mistari, lakini mistari iko kati ya mahindi na mahindi, na mahindi ameyang'oa. Alipima kwa kidole kutoka kwenye michongoma, akakosea, akapima tena.

"Kuna mtu mmoja anayejua," nikamwambia. "Ulimnunulia soda."

Safari hii hakusema hakumbuki.

5 Aprili

Alikwenda kwa Dafrosa. Nimesimuliwa na Dafrosa mwenyewe, na huko kusimuliwa ni habari kubwa kwangu, kwa kuwa tangu tarehe kumi na sita alikuwa haniitikii vizuri. Modest alimweleza umuhimu wa historia. Alimweleza kuhusu wageni. Dafrosa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia alete maandishi.

11 Aprili

Ameleta. Dafrosa alinifuata nimsomee kwa sauti, mara mbili, taratibu. Anaajiriwa kuwa mtunza makaburi, pande zote mbili, kazi ya mumewe. Ukanda wa hatua kumi kando ya barabara, ambako hakuna mtu, ni wake kulima kwa maandishi. Aliuliza kama kuna mahali panaposema wanaweza kubadili mawazo. Nikatafuta. Nikapata mahali pamoja, kifungu cha saba. Akakirudisha. Modest akakifuta na kusaini pembeni.

13 Aprili

Leo tumeweka vigingi.

Dafrosa alifika saa moja asubuhi, miguu mitupu. Alisema viatu vinamzuia kusikia. Alianzia kwenye kona ya michongoma, akageuka, akatembea bila kuhesabu kwa sauti, akasimama, akakanyaga mara mbili kwa kisigino. "Hapa." Modest alikuwa nyuma yake amebeba mzigo wa vigingi begani, maana vibarua hawakuja, mvua iliwatisha. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Akachomeka kigingi, akakigonga kwa nyundo, akatoa daftari chini ya mwavuli, akaandika.

Mimi nilipiga picha. Kila kigingi mbele na ubavuni, kama mawe.

Kwenye kigingi cha tatu Dafrosa akamuuliza anaandika nini. Modest akamwonyesha: moja, mbili, tatu. Akamweleza kwamba, kwa kuwa majina hayapo, rejista inahitaji namba.

"Huyu si tatu," Dafrosa akasema. "Andika mtu."

Modest akasema itakuwa inajirudia. Akanitazama mimi, labda nimsaidie. Nilikuwa nafuta lenzi. Dafrosa hakusogea. Mguu wake ulikuwa umesimama kando ya kigingi, na ilikuwa wazi hauendi kwa wa nne.

Akafuta zile namba. Akaandika mtu, mtu, mtu. Tukaenda kwa wa nne.

Ilichukua mpaka alasiri. Mvua ilikatika ikarudi. Kila kigingi Dafrosa alisubiri mpaka aone kalamu inatembea, na kila mara alitaka neno lisomwe. Mwanzoni Modest alilisoma haraka. Kufikia mstari wa tano sauti yake ilikuwa imebadilika, sijui ni uchovu, sijui ni nini, na mimi sitamfanyia hisani ya kukisia. Mara moja aliteleza akaangukia goti. Dafrosa alimsubiri ainuke, akamwambia, "Umekanyaga mtu. Sogea." Akasogea.

Kwenye wa mwisho, karibu na barabara, pale greda ilipopita, Modest alilisoma bila kuambiwa. Mtu. Dafrosa akachukua daftari, akalipitishia kidole ukurasa kwa ukurasa, ingawa hajui kusoma vizuri, akihesabu kwa midomo mpaka sitini na tatu. Akamrudishia. Akaenda kuchukua jembe lake alilokuwa amelificha kwenye michongoma.

Bado nina hasira. Nimeiangalia leo kama ninavyoangalia mwanga, na haijapungua.

Mama ameomba moja ya picha hizi. Nimemwambia hatuwezi kujua kama babu wa baba yake yupo hapo, anaweza kuwa popote kati ya hapa na ziwani. Akasema anajua. Amechagua ya mstari wa pili, kigingi cha sita, akaibandika ukutani na kukaa mbele yake. Kisha akaniambia niwaite majirani kesho. Tutaweka matanga.